Mwanamke wa Thika au Ruiru anayekwenda Umra bila maharimu: mambo ya kujua kabla ya kulipa

Miaka hii swali la mwanamke kwenda Makka peke yake halitoki sana Mombasa, Malindi wala Lamu. Latoka Thika na Ruiru. Huko ndiko waliko wengi wa binti zetu waliopanda bara kutafuta elimu na riziki. Wako waliosoma Chuo Kikuu cha Mount Kenya pale Thika wakapata kazi hukohuko, wako wauguzi, wako wenye maduka ya vitambaa, na wako waliopanga Ruiru kwa sababu nyumba ni nafuu kuliko Nairobi na barabara ni nzuri. Wako pia Waislamu ambao Thika ndiyo kwao, na mababu zao wamezikwa huko. Pesa wanazo, wameziweka kidogo kidogo. Mume hana au hawezi kuacha kazi, baba ameshatangulia mbele ya haki, kaka yuko Qatar na likizo yake haijulikani. Basi hupiga simu nyumbani: "Khalati, naweza kwenda Umra peke yangu?"

Nyumbani jibu hutoka kwa haraka: haifai. Au hutoka kwa haraka vilevile: siku hizi yafaa, Saudia wameruhusu. Yote mawili ni nusu ya jibu, na msichana hubaki palepale alipokuwa, na pesa yake mkononi, akimsikiliza wakala wa kwanza atakayemwambia neno tamu. Makala haya ni kwa ajili yake, na kwa ajili ya sisi tunaopigiwa simu.

Saudia waliruhusu nini hasa

Kwa miaka mingi kanuni ilikuwa kwamba mwanamke aliye chini ya miaka 45 hapati viza ya Hija wala ya Umra ila awe na maharimu, yaani mume au jamaa wa kiume asiyeweza kumuoa. Aliyefika 45 aliweza kusafiri na kundi lililopangwa, akiwa na barua ya idhini kutoka kwa maharimu wake. Haikuwa kanuni ya mchezo. Septemba 2012 mahujaji wanawake wa Nigeria wapatao elfu moja walizuiliwa katika uwanja wa ndege wa Jeddah kwa sababu ya maharimu, na mamia wakarudishwa kwao bila kuiona Al-Kaaba. Ilielezwa kwamba wengine walikuwa na waume zao, ila majina ya ukoo kwenye pasipoti hayakulingana.

Huku kwetu njia ya kukwepa ilikuwa maharimu wa karatasi. Mzee mmoja wa kundi huandikwa kuwa mjomba wa wanawake watatu ambao hajapata kuwaona. Kila mtu alijua, na kila mtu alinyamaza. Uongo ule uliandikwa katika safari ambayo mtu anakwenda kuomba kusamehewa uongo.

Mambo yakaanza kulegea kwa hatua. Agosti 2019 Saudia iliwaruhusu wanawake wake waliozidi miaka 21 kuchukua pasipoti na kusafiri bila idhini ya mlezi. Mwaka 2021, Hija ilipokuwa ya wakaazi wa Saudia pekee kwa sababu ya Korona, mwanamke aliweza kujisajili bila maharimu. Kisha Oktoba 2022 Waziri wa Hija na Umra, Tawfiq al-Rabiah, akatangaza akiwa Cairo kwamba maharimu si sharti tena kwa mwanamke anayekuja Hija au Umra kutoka nchi yoyote. Hapo ndipo mambo yalipo. Mwanamke Mkenya anaweza kupata viza ya Umra kwa jina lake peke yake.

Kwa anayedhani mwanamke kufika Makka bila mwanamume wake ni jambo la juzi: mwaka 1933 Lady Evelyn Cobbold, Mwislamu Mwingereza aliyeitwa pia Zainab, alihiji akiwa na miaka 65 bila mume wala ndugu. Alikaa Jeddah akisubiri ruhusa mpaka ikatoka.

Lakini serikali kuruhusu ni jambo moja, na dini kusema ni jambo jingine.

Wanavyuoni wamesemaje

Hadithi za Bukhari na Muslim zinazomkataza mwanamke kusafiri bila maharimu ni sahihi, na hakuna anayezipuuza. Khilafu ni katika kuzifahamu. Mahanafi na Mahanbali wameshika kwamba maharimu ni sharti hata katika Hija ya faradhi. Mamaliki wanakubali kundi la kuaminika kwa safari ya faradhi. Sisi wa pwani ni Mashafii, na ajabu ni kwamba wengi wetu hutoa fatwa ya Kihanbali tukidhani ndiyo yetu.

Katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu kinachosomeshwa katika darasa zetu tangu zamani, mwanamke hulazimika Hija akipata mume, au maharimu, au wanawake wa kuaminika wa kwenda nao, na si sharti mmoja wao awe na maharimu wake. Wanavyuoni wa madhehebu wakaenda mbele zaidi wakasema kwa safari ya faradhi yafaa kwake kwenda na mwanamke mmoja mwaminifu, na hata peke yake ikiwa njia ni ya amani. Hoja mojawapo inayotajwa ni Hadithi ya Adiyy bin Hatim, ambayo Mtume, rehema na amani zimshukie, alimpa habari ya siku ambapo mwanamke atatoka Hira mpaka aitufu Al-Kaaba bila kumwogopa yeyote ila Mwenyezi Mungu. Hutajwa pia kwamba Sayyidna Umar aliwaruhusu wake za Mtume kuhiji, akawatuma Uthman bin Affan na Abdurrahman bin Auf kufuatana nao.

Sasa hapa pana jambo ambalo wakala hatakwambia. Kwa Mashafii Umra nayo ni faradhi mara moja katika umri, kama Hija. Kwa hivyo binti wa Ruiru ambaye hajawahi kwenda, safari yake ya kwanza ni ya faradhi, na mlango ule uliotajwa uko wazi kwake. Aliyekwisha kwenda akataka kurudia, safari yake ni ya sunna, na kauli inayotegemewa katika madhehebu ni kwamba kwa safari ya sunna wanawake wenziwe hawatoshi, hata wawe wengi. Wako wanavyuoni wa zama hizi, miongoni mwao Dar al-Ifta ya Misri, wanaosema amani ya safari za leo imebadilisha hukumu hata kwa zisizo za faradhi. Mimi si mufti. Nasema tu kwamba anayemwuliza shekhe wake, amwulize swali kamili: ni Umra ya ngapi, nafuatana na nani, nashukia wapi. Akiuliza nusu, atajibiwa nusu.

Mambo mengine mawili hayana mzaha. Mwenye mume azungumze naye kabla ya kununua tiketi, si baada. Na aliye kwenye eda ya kufiwa hatoki kwenda Umra mpaka eda iishe, hata kama watoto wamekwisha kulipa kwa nia njema ya kumtuliza mama.

"Peke yake" ni nini

Wanawake wengi wa Thika na Ruiru wanaosema wanakwenda peke yao hawaendi peke yao kwa karatasi. Wameandikishwa katika kundi la watu arubaini au hamsini. Tofauti yao na mwanamke wa Kibokoni au Majengo ya Mombasa ni kwamba mwanamke wa Mombasa akijiandikisha na kundi, humo atamkuta jirani, mwalimu wake wa madrasa, na bibi aliyemlea rafiki yake. Wanamjua na wanamjua mamake. Yule wa Ruiru ameona tangazo kwenye simu, amelipa ofisi ya Eastleigh, na watu wa kundi lake atawaona kwa mara ya kwanza uwanja wa ndege. Chumbani atalala na wanawake watatu asiowajua, na kundi likishatawanyika baada ya tawafu ya kwanza, hakuna atakayeuliza yuko wapi mpaka siku ya kupanda basi.

Kwa hivyo "wanawake wa kuaminika" hawapatikani kwa kulipia kifurushi. Hutafutwa. Misikiti ya Thika na Ruiru ina darasa za akina mama, na humo mara nyingi yuko mmoja aliyewahi kwenda au anayepanga kwenda. Kuahirisha safari miezi miwili ili mtoke wawili mnaojuana ni bora kuliko kuwahi ofa. Ikishindikana, mwombe wakala akukutanishe na wanawake mtakaolala chumba kimoja kabla ya siku ya safari, hata kama ni kikombe cha chai saa moja mjini. Wakala mwenye kundi la kweli hashindwi na hilo.

Wakala na karatasi

Naomba msomaji asubiri hapa, maana fitina nyingi nilizosikia hazikutokea Makka. Zilitokea Nairobi kabla ya kuondoka, au zilipandwa huko zikamea Makka.

Mkenya hawezi kushuka Saudia na kuomba viza mlangoni, na kwa kawaida viza ya Umra hupitia kwa wakala. Ofisi nyingi ziko Eastleigh na katikati ya jiji. Kutoka Thika au Ruiru ni safari fupi: matatu ya barabara kuu ya Thika, unashuka Pangani, unavuka kuingia Eastleigh. Nenda mwenyewe. Usilipe kwa mtu aliyekuja kukuona dukani kwako, wala kwa namba ya simu iliyo chini ya bango. Omba risiti yenye jina la kampuni, na uulize jina la kampuni ya Saudia inayowapokea, kwa maana kila wakala wa huku ana mwenyeji wa kule, na mwenyeji huyo ndiye atakayejibu mambo yakiharibika.

Hoteli iulizwe kwa jina na kwa mita. "Dakika tano kutoka Haram" ni maneno ya biashara. Dakika tano za gari au za miguu? Misfala na barabara ya Ibrahim al-Khalil ni karibu na bei yake huwa nafuu, na humo utakuta Waafrika wengi. Ajyad ni karibu pia ila ina vilima. Aziziya ni mbali, kunahitaji basi, na basi la saa saba usiku si kila mwanamke aliye peke yake atalipenda. Jamaa yangu mmoja aliambiwa Ajyad akapelekwa Aziziya. Alipolalamika, aliambiwa pasipoti yake iko kwa kiongozi wa kundi, na kiongozi amelala.

Hilo la pasipoti nalishikilia. Ikichukuliwa mapokezini hotelini kwa kusajiliwa, ifuatilie mpaka irudi. Kabla ya kuondoka Kenya, piga picha ya pasipoti, viza, tiketi na anwani ya hoteli. Ziweke kwenye simu yako, na uzitume kwa mtu mmoja nyumbani. Pasipoti huombwa kwa eCitizen na alama za vidole hutolewa Nyayo House; iwe na miezi sita au zaidi kabla ya kuisha. Kwa wanawake wetu wanaobadilisha jina baada ya ndoa, au walioandikwa "binti fulani" kwenye kitambulisho na vingine kwenye cheti cha chanjo, hakikisheni jina ni moja kila mahali. Wanigeria wa 2012 wametufunza.

Chanjo hizi mbili haziepukiki. Ya homa ya manjano, kwa kuwa tunatoka Kenya. Hupigwa mara moja na cheti chake ni cha maisha, lakini huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Na ya homa ya uti wa mgongo, ile ya aina nne, isiyopungua siku 10 kabla ya kufika. Usikubali kuuziwa cheti bila sindano. Ugonjwa hausomi karatasi.

Viza isomwe pia. Tangu 2022 muda wa kukaa ulipanuliwa kutoka siku 30 hadi 90, na mwenye viza ya Umra anaweza kutembelea miji mingine ya Saudia. Hata hivyo tarehe zinazokuhusu ni zile zilizoandikwa kwenye karatasi yako. Na viza hiyo haimpi mtu kazi. Nairobi na miji inayoizunguka imejaa watu wanaopeleka wasichana Ghuba, na ikiwa mmoja wao atakwambia atakulipia Umra kisha "utabaki kidogo kwa familia moja", mkimbie. Mfanyakazi wa nyumbani wa halali huwa na mkataba katika mfumo wa Musaned na huenda kwa viza ya kazi. Aliyebaki kwa viza ya Umra hana mkataba, hana mshahara anaoweza kuudai, na siku akitoka nyumba ile yeye ndiye mwenye kosa mbele ya polisi.

Kuhusu pesa nitasema moja tu. Riyali imefungwa kwa dola, riyali 3.75 kwa dola moja, kwa hivyo ukipiga hesabu yako Januari na shilingi ikashuka mbele ya dola kabla ya Shaabani, safari imepanda bei bila wakala kukudanganya. Weka akiba ya ziada.

Hedhi na tarehe ya tiketi

Hili huachwa nje ya semina za mahujaji kwa sababu anayesomesha ni mwanamume na wanaosikiliza wamechanganyika. Kwa mwanamke aliye peke yake ndilo linaloamua safari nzima.

Mwenye hedhi anaweza kuhirimia. Anaoga, anatia nia, analeta talbiya, na anafanya kila kitu isipokuwa kutufu na kuswali. Bibi Aisha mwenyewe alipatwa katika Hija ya Mtume, akalia, na akaambiwa afanye yote afanyayo hujaji ila asitufu Al-Kaaba mpaka atwaharike. Baadaye nduguye Abdurrahman akampeleka Tan'im kuhirimia Umra, ambapo leo pana msikiti unaojulikana kwa jina lake.

Tatizo si hukumu, ni tikiti. Kifurushi cha siku kumi huwa na siku tano za Makka na tano za Madina. Ukifika Makka uko katika ihramu na hedhi ikaja kabla ya tawafu, utasubiri ndani ya ihramu mpaka utwaharike, na kundi likihamia Madina siku ya sita wewe bado hujamaliza Umra. Aliye na mume atabaki naye. Aliye peke yake atabaki na nani? Kwa hivyo hesabu siku zako kabla ya kuchagua tarehe, si baada. Muulize wakala kama kundi linaanza Madina au Makka, kwa maana kuanza Madina humpa nafasi mwanamke ambaye siku zake ziko karibu. Wako wanaotumia dawa za kuchelewesha. Hizo huandikwa na daktari, miezi kadhaa mbele, na si za kununuliwa dukani jioni ya kuondoka. Na katika madhehebu yetu yafaa kuweka sharti wakati wa kutia nia, kwamba nikizuiliwa na jambo basi pahali pa kufungua ihramu yangu ni pale nilipozuiliwa. Msingi wake ni Hadithi ya Dhubaa bint Zubair. Jifunze kwa mwalimu namna ya kulisema na mambo linalofaa kuwekewa.

Kutoka Thika hadi Jeddah

Barabara ya mchepuko ya mashariki, inayotoka Ruiru upande wa Kamakis na kuangukia barabara ya Mombasa, imewafanya watu wa Thika na Ruiru kufika uwanja wa Jomo Kenyatta bila kuingia jijini. Usiku usiifuate kwa matatu na mizigo. Teksi ya mtu unayemjua, au jirani. Saudia ina ndege za moja kwa moja hadi Jeddah, safari ya takriban saa nne. Nyingine hupitia Addis Ababa, Doha au Dubai, nazo huwa nafuu lakini humweka mwanamke uwanjani kwa saa nyingi.

Anayekwenda Makka moja kwa moja ahirimie angani. Oga nyumbani, vaa nguo zako za stara, kisha utie nia ndege inapokaribia mikati. Wanaotoka Nairobi moja kwa moja kwa kawaida hutumia Yalamlam. Wanaopitia Doha au Dubai hupita Qarn al-Manazil. Usilale ukaipita. Mwanamke hana sare ya ihramu, na nyeupe si lazima. Linalomhusu ni kutofunika uso kwa nikabu na kutovaa glavu, na kuacha manukato baada ya nia. Wanaoanza Madina huhirimia Dhul Hulaifa, nje kidogo ya mji.

Uwanja wa Jeddah una stesheni ya treni ya Haramain, iliyofunguliwa 2018, inayokwenda Makka na Madina. Makka hadi Madina ni saa mbili na dakika chache badala ya saa tano za basi. Mwanamke aliyeachana na kundi lake kwa sababu ya hedhi au ugonjwa anaweza kulifuata kwa treni hiyo siku ya pili bila kutegemea gari la mtu, na tiketi hununuliwa kwa simu kwa jina na pasipoti yake.

Nunua laini ya simu ya Saudia kwa jina lako, papo hapo uwanjani. Husajiliwa kwa pasipoti na alama ya kidole. Fungua akaunti ya Nusuk kwenye simu yako mwenyewe, si ya kiongozi wa kundi. Nusuk ndiyo programu ya kuombea vibali, na bila kibali chake hutaingia Rawdha.

Ndani ya Haram

Makka yenyewe ina amani, na taa zake hazizimi. Saa tisa usiku utaona bibi wa miaka sabini akirudi hotelini peke yake na chupa ya zamzam. Kinachomchosha mwanamke aliye peke yake ni kupotea na msongamano.

Kwa kupotea, shika mlango. Msikiti una milango mingi yenye namba. Wa Mfalme Abdulaziz ni namba 1, wa Mfalme Fahd ni 79. Chagua mmoja ulio upande wa hoteli yako, na utoke kwa huohuo siku zote. Ule mnara wa saa wenye mita 601 huonekana kila upande. Jua uko kushoto au kulia kwa chumba chako. Viatu viweke ndani ya mfuko begani, usiviache mlangoni.

Kwa msongamano, nitasema lisemwalo kwa kunong'ona. Februari 2018 mwanamke mmoja kutoka Pakistan aliandika kwamba alishikwashikwa akiwa katika tawafu, na maelfu ya wanawake wa nchi nyingi wakajitokeza kusema nao yaliwapata. Wako waliosema wanaitia doa Nyumba Tukufu. Mimi naona doa ni la aliyeshika. Mwaka huohuo Saudia ilipitisha sheria ya unyanyasaji wa kijinsia, kifungo hadi miaka miwili na faini hadi riyali 100,000, na kwa makosa mazito zaidi miaka mitano na riyali 300,000. Tangu 2021 pana askari wanawake wanaoonekana ndani ya Haram. Likikupata usikae kimya kwa haya: paza sauti, toka upande wa nje wa duara, mfuate askari. Namba ya dharura Makka na Madina ni 911.

Chagua pia saa. Baada ya Isha usiku ukiwa umekwenda, au asubuhi jua likishapanda, duara hupungua. Ghorofa za juu zina nafasi ingawa mzunguko ni mrefu. Hajar al-Aswad kulibusu ni sunna, kuumiza na kuumizwa si sunna. Ishara ya mkono yatosha. Sai ya mara saba ni karibu kilomita tatu, na hiyo ni baada ya tawafu. Anayekaa dukani kutwa pale Thika aanze kutembea mwezi mmoja kabla. Ukimaliza, punguza nywele kiasi cha ncha ya kidole, chumbani kwako au mbele ya wanawake wenzio.

Tukitembea baina ya Safa na Marwa tunafuata nyayo za Bi Hajar, aliyeachwa na mtoto katika bonde lisilo na maji wala mtu. Wazee wanaosema mwanamke hajui kuwa peke yake mahali pale hulisahau hilo.

Madina ni tulivu zaidi. Wanawake wana saa zao za Rawdha zilizotengwa na za wanaume, kwa kibali cha Nusuk, na saa hizo hujaa haraka. Omba kibali kabla hujafika, kisha fika mapema na simu yenye chaji.

Hija si Umra

Yote niliyoyasema ni ya Umra. Hija ina viza yake, idadi ya Wakenya hupangwa, na huendwa kupitia mawakala walioidhinishwa. Asije mtu akamwambia mwanamke wa Ruiru aende kwa viza ya matembezi, ajifiche mpaka Arafa. Juni 2024 joto katika Haram lilifika nyuzi 51.8, watu 1,301 wakafa katika Hija ile, na Saudia ikasema asilimia 83 yao hawakuwa na vibali. Walitembea juani bila mahema wala mabasi. Mwanamke asiye na kibali na asiye na mtu, akianguka, hutambuliwa kwa shida.

Siku ya kurudi

Zamzam huuzwa uwanjani katika boksi la lita tano, haitiwi ndani ya begi. Ndege nyingi hutua Nairobi usiku. Hapa Pwani mtu akirudi Makka hukuta ukumbi umejaa, udi unafuka na watoto wanagombania tende. Yule wa Ruiru hufungua mwenyewe kufuli la chumba chake, na jirani humuuliza kama alikuwa kijijini. Ukiwa shangazi, khalati au dada yake, treni ya Mombasa hadi Nairobi ipo kila siku. Muulize tarehe ya kutua, umtangulie Ruiru na tende zako.